Gandhi Alilala Njaa London, na Hiyo Stori Inakuhusu

Niliacha nyama mwezi wa tatu. Sitawachosha na sababu, kila mtu ana zake. Mimi nilikuwa nazo tele, nimezipanga kama mtu anayeenda mdahalo wa shule. Lakini wiki ya pili kukawa na ruracio ya binamu yangu. Nikafika mbele ya sufuria ya mbuzi na kuomba wali na kabeji tu. Shangazi aliyekuwa anapakua akaniangalia juu hadi chini. "Kwani siku hizi umejiunga na kanisa gani?" Mjomba, nyuma yangu kwenye laini, akauliza kama ni daktari amenikataza.

Kumbe kuna majibu mawili tu yanayokubalika: dini au ugonjwa. Mimi sikuwa na hata moja.

Nilivumilia miezi miwili. Halafu jioni moja nikiwa na mbogi yangu pale stage, mutura ikaanza kunukia, kila mtu akachukua kipande, na mimi nikachukua. Wasee, sikula kwa sababu ya njaa. Nilikula kwa sababu nilikuwa nimechoka kuwa yule mtu. Yule ambaye kila mahali lazima ajieleze kabla ya kula.

Baada ya hapo niliacha kusoma mambo ya protini nikaanza kusoma historia. Swali langu lilikuwa moja: wale waliokaa miaka na miaka bila nyama katikati ya watu wanaokula nyama, walifanyaje? Jibu bora nililopata lilitoka kwa kijana wa miaka 18 ambaye alifika London akiwa na njaa, aibu, na ahadi aliyompa mamake.

Kijana mwenyewe ni Mohandas Gandhi.

Najua, najua. Wengi wetu tunamjua Gandhi wa sanamu, kama ile iliyo pale Chuo Kikuu cha Nairobi. Mzee wa miwani na shuka, anaonekana kama hajawahi kutamani kitu maishani. Lakini ukisoma kitabu alichoandika mwenyewe kuhusu maisha yake, unakutana na msee tofauti kabisa.

Alizaliwa Porbandar, pwani ya Gujarat, mwaka 1869, katika nyumba ambayo nyama haikuingia kabisa. Na bado aliwahi kuila, kisiri, akiwa shuleni. Rafiki yake alimshawishi kwamba Waingereza wanatawala Wahindi kwa sababu Waingereza wanakula nyama. Ukitaka nguvu ya kuwafukuza, kula wanachokula. Wakaenda mahali palipojificha kando ya mto na nyama ya mbuzi. Usiku ule Gandhi hakulala. Anasema kila akifumba macho alihisi kama mbuzi mzima analia tumboni mwake. Hata hivyo aliendelea kwa muda wa mwaka mmoja hivi, mara chache, kama sita. Akaacha kwa sababu hakuweza kuendelea kumdanganya mamake kwamba hana njaa ya chakula cha jioni.

Hebu ona nyama ilikuwa inamaanisha nini hapo. Haikuwa ladha tu. Ilikuwa nguvu, uanaume, kuendelea. Sasa niambie hiyo ni tofauti gani na sisi. Kwetu nyama ni ishara kwamba mambo yako yamenyooka. Mgeni akija anachinjiwa. Mtu akipata kazi, wasee wanaenda choma. Sukuma wiki jina lake lenyewe linasema ni chakula cha kusukuma siku mpaka pesa ije. Kwa hivyo mtoto akirudi nyumbani aseme hataki nyama, mzazi hasikii mambo ya lishe. Anasikia: kile ulichohangaika kunipatia, sikitaki. Hiyo ndiyo sababu shangazi alikasirika, na nilichukua muda mrefu sana kuielewa.

Ahadi bila chakula

Mwaka 1888 Gandhi alitaka kwenda Uingereza kusomea sheria. Mamake aliogopa. Akakubali tu baada ya kijana kuapa, mbele ya mtawa wa Kijain, kwamba hatagusa pombe, wanawake wala nyama. Wazee wa jamii yake kule Bombay hawakuridhika hata na hicho kiapo. Kwao kuvuka bahari kulikuwa marufuku, wakamtenga. Akapanda meli mwezi wa Septemba, ameacha mke na mtoto mchanga nyumbani, na jamii yake imemkataa.

Ndani ya meli alikula kwenye chumba chake, matunda na vitamu alivyobeba, kwa sababu aliona aibu kutumia uma na kisu na kuuliza ni chakula gani hakina nyama. Abiria mmoja Mwingereza alimwambia, kwa upole kabisa, kwamba baridi ya Uingereza haiishiki bila nyama. Gandhi alipofika alikuwa anakusanya vyeti vya kuonyesha kwamba hakula nyama safarini. Vyeti, manze! Baadaye aligundua kwamba hata mla nyama angeweza kupata cheti kama hicho, na kama neno lake haliaminiki basi karatasi haitasaidia.

London ilikuwa mateso. Mama wa nyumba alimpikia uji wa shayiri asubuhi, halafu mchana na jioni mchicha, mkate na jamu. Aliona haya kuomba zaidi ya vipande viwili au vitatu vya mkate. Rafiki yake mmoja, Mhindi mwenzake aliyempenda kama ndugu, alimshambulia kila siku: kiapo ulichompa mama asiyejua hali ya huku ni kiapo gani? Siku moja akaanza hata kumsomea kitabu cha mwanafalsafa Bentham. Gandhi akamwambia hayo mambo ni mazito kwake, anakubali kwamba nyama ni lazima, lakini kiapo ni kiapo.

Soma hapo tena. Alikubali kwamba nyama ni lazima. Hoja zilikuwa zimemshinda. Kilichobaki ni ahadi tu, na ahadi ilimzuia kula nyama lakini haikumpa kitu cha kula.

Akaanza kutembea. Alitembea maili 10 au 12 kwa siku, yaani kilomita 16 hadi 19, akitafuta mahali wanauza chakula bila nyama. Alikuwa anaingia mkahawa wa bei rahisi, anajaza tumbo mkate, anatoka bado hajaridhika. Mpaka siku moja akaangukia mkahawa wa walaji mboga katika mtaa wa Farringdon. Karibu na mlango kulikuwa na vitabu vinauzwa. Akanunua kimoja cha Henry Salt, kinachotetea watu kuacha nyama, kwa shilingi moja, akaingia ndani akala. Anasema hicho kilikuwa chakula chake cha kwanza cha kushiba tangu afike Uingereza. Na kitabu kikabadilisha msimamo wake: kabla ya hapo aliepuka nyama kwa sababu ya mama. Kuanzia hapo aliiacha kwa hiari yake.

Kwa hivyo Gandhi naye alikuwa kama mimi, mtu aliyeanza upya. Na alianza siku aliyopata meza.

Nani alifungua huo mlango?

Hapa ndipo historia ilinishika. Mkahawa ule haukuota kama uyoga. Kuna watu walikuwa wameanza kazi miaka themanini kabla yake.

Mwaka 1809, kule Salford karibu na Manchester, mhubiri anayeitwa William Cowherd aliwataka washiriki wa kanisa lake dogo waache nyama. Salford ilikuwa ikijaa viwanda na maskini, na kanisa lile liligawa supu ya mboga. Watu wa kanisa hilo walikuwa miongoni mwa waliokutana Ramsgate, tarehe 30 Septemba 1847, wakaunda chama cha wasiokula nyama. Kabla ya hapo hata jina la kawaida hawakuwa nalo. Waliitwa wafuasi wa Pythagoras, yule Mgiriki wa pembetatu za hesabu, kwa sababu inasemekana alikuwa hali nyama. Neno "vegetarian" lilienea kupitia chama hicho.

Hiyo ya jina ilinichekesha, kwa sababu sisi bado tuko hapo. Nikimwambia mama "mimi nakula mboga tu," ananiuliza "mboga gani?" Kwa nyumba nyingi za Kenya, mboga ni chochote kinachoenda na ugali. Unaweza kuuliza leo mboga ni nini, na uambiwe ni nyama.

Chama cha London kilijitenga na kile cha Manchester mwaka 1888, mwaka ule ule Gandhi alipofika. Yaani kijana aliyetengwa na jamii yake alishuka melini wakati wageni kabisa walikuwa wanajenga jamii ambayo ingempokea.

Akajiunga. Akaingizwa kwenye kamati. Akapata rafiki, Josiah Oldfield, mhariri wa gazeti la chama, wakapanga nyumba moja mtaa wa Bayswater. Hapo Gandhi akaanzisha klabu ndogo ya mtaa: Oldfield mwenyekiti, mshairi Edwin Arnold naibu wake, na yeye katibu. Klabu ilikufa baada ya miezi michache alipohama. Lakini fikiria, mtu aliyekuwa anakula kwa siri kwenye meli sasa anaandaa mikutano.

Usidhani alibadilika akawa msemaji. Kwenye kamati alikaa kimya mpaka Oldfield akamtania. Na kisa kilichomlazimisha kufungua mdomo ndicho muhimu zaidi kwa stori hii.

Mwenyekiti wa chama alikuwa Arnold Hills, tajiri wa kiwanda cha meli cha Thames Ironworks. Mashabiki wa mpira, tulieni: huyu ndiye baadaye, mwaka 1895, alianzisha timu ya kiwanda chake ambayo ndiyo leo West Ham United. Hills ndiye aliyekuwa anafadhili chama. Mwanachama mmoja, daktari Thomas Allinson, alikuwa anafundisha watu kupanga uzazi. Hills aliona huo ni uchafu, akataka afukuzwe. Gandhi mwenyewe hakukubaliana na Allinson kuhusu kupanga uzazi. Lakini alisema chama ni cha watu wasiokula nyama, si cha watu wanaofanana kwa kila kitu. Mtu asifukuzwe kwa jambo lililo nje ya hapo. Aliandika hoja yake kwenye karatasi, akashindwa kuisoma kwa woga, mtu mwingine akamsomea. Wakapigiwa kura, wakashindwa. Allinson akatolewa.

Nimekaa na hiyo stori sana, kwa sababu nikitafuta watu wa kunisaidia mwanzoni, nilikutana na wale wa aina ya Hills. Ukisema unakula mayai, wewe si mmoja wetu. Ukisema uliteleza ukala mutura, kwisha wewe. Kundi la aina hiyo halikupi pumziko. Linakupa shangazi mwingine.

Hoteli ya Holborn, mara mbili

Kuna hoteli moja inarudi mara mbili kwenye maisha yake London. Mara ya kwanza, yule rafiki wa Bentham alimpeleka Holborn Restaurant, mahali pa kifahari, akidhani huko Gandhi ataona aibu kuuliza maswali. Supu ikaletwa. Gandhi akamwita mhudumu. Rafiki akauliza kuna nini, Gandhi akasema anataka kujua kama supu ina nyama. Rafiki akakasirika: kama huwezi kuwa na adabu, toka ukale kwingine unisubiri nje. Gandhi akatoka. Mkahawa wa walaji mboga uliokuwa karibu ulikuwa umefungwa, akalala njaa. Lakini akaenda na huyo rafiki kutazama mchezo usiku ule ule, na urafiki wao haukuvunjika. Alielewa kwamba rafiki alikuwa anamsumbua kwa sababu alimpenda.

Mara ya pili ilikuwa 1891, karibu arudi nyumbani. Aliwaalika marafiki zake wa chama chakula cha kuaga, pale pale Holborn, na hoteli ikakubali kuandaa meza nzima bila nyama. Akasimama kutoa hotuba aliyoitayarisha. Akasahau yote. Akasema asante, akaketi.

Hoteli ni ile ile, na woga ni ule ule. Mara ya pili alikuwa na watu kando yake. Sioni tofauti nyingine.

Na alijifunza hilo vizuri. Alipokuja Afrika Kusini, kule Johannesburg aliendelea kukaa kwenye mikahawa ya wasiokula nyama, na huko ndiko alikutana na Albert West na Henry Polak, watu waliokuja kufanya kazi naye miaka mingi. Huko pia alifanya kosa la ajabu: alimkopesha mama mmoja wa mkahawa pauni 1,000 za mteja wake, mkahawa ukafilisika, ikabidi alipe mwenyewe. Kwa hivyo hata upendo wa mkahawa una mipaka, wasee.

Hapa kwetu

Najua mtu anasema, hayo ni mambo ya Wazungu na Wahindi. Sawa. Lakini Wahindi wenyewe wako hapa kabla ya babu zetu wengi kuzaliwa. Familia za Kijain za Oshwal zilitoka vijiji vya karibu na Jamnagar, rasi ile ile aliyotoka Gandhi, zikaja Afrika Mashariki zama za reli. Ukienda Mombasa, barabara ya Langoni, kuna hekalu lao jeupe. Wajain waliobobea hawali hata kitunguu na viazi. Wamewezaje kuishi hivyo katika nchi ya nyama choma kwa vizazi? Kwa sababu walijenga hekalu, kumbi, shule, na jikoni. Mtoto wao hajielezi kila akikaa kula.

Wasabato walifika Gendia, upande wa Kendu Bay, mwaka 1906, wakiwa na mafundisho ya afya yanayosifu chakula bila nyama. Si Wasabato wote wanaofuata, lakini yule anayefuata ana mwenzake kanisani. Marasta nao wana ital yao. Ndiyo maana shangazi aliuliza kanisa gani. Hakuwa mjinga. Alikuwa anajua kwamba watu wa hivi huwa na kwao, na alitaka kujua kwangu ni wapi.

Mwezi wa nane kulikuwa na sherehe nyingine ushago. Safari hii sikuja na hoja. Nilikuja na sufuria ya ndengu za nazi, nilizopika usiku mzima nikiwa na binamu yangu mdogo, ambaye bado anakula nyama na hajasema ataacha. Nilimwomba kitu kimoja tu: akae karibu na mimi. Niliweka sufuria yangu mezani kando ya mbuzi, nikapakua, nikakaa. Mjomba alitania kidogo, akachoka.

Shosho ndiye alikuja na sahani yake. Akachota ndengu, akaonja, akasema chumvi imepungua. Halafu akatuambia, kama kitu cha kawaida, kwamba alipokuwa msichana nyama ilikuwa ya siku za sherehe. Siku zingine zote ilikuwa githeri, njahi, viazi vikuu na managu. "Sisi hatukuwa na jina la hiyo," alisema. "Kilikuwa chakula tu."

Sisemi mkinifuata mtafaulu. Mimi mwenyewe nina miezi mitano tu, na mutura moja katikati. Lakini ukiwa unaanza, usitumie nguvu zako zote kushinda mabishano. Gandhi aliyashindwa karibu yote. Tafuta mtu mmoja wa kula naye, hata kama sahani yake haifanani na yako. Na ukipata meza, acha nafasi kwa yule atakayekuja ameteleza.

Na chumvi muonje mapema. Shosho alikuwa sahihi.